Uzio Uliozaliwa na Kifusi: Sleti, Mipaka na Wachimbaji wa Wales ya Kaskazini

Katika vijiji vya milimani vya Wales ya kaskazini, viwanja na malisho mengi madogo hayakuzungushiwa miti wala seng'enge. Yamezungushiwa mawe yaliyosimama wima. Ni mabamba membamba ya sleti, mengine yanamfika mtu kiunoni na mengine kifuani, yaliyochomekwa ardhini moja baada ya jingine na kufungwa pamoja huko juu kwa waya uliosokotwa. Hayalingani urefu wala upana. Vichwa vyake vimemeguka hivi na vile, jingine limeinama upande wa barabara, jingine limeota ukoga wa rangi ya majivu. Ukiyatazama yalivyopangana kwenye mteremko utadhani ni taya la mnyama mkubwa lililosahauliwa shambani. Wenyeji huyaita crawiau, neno la Kiwelshi linalohusiana na ganda la nje la mkate. Mimi ningelitafsiri kwa neno letu la ukoko, yaani kile kinachobaki pembeni baada ya chakula chenyewe kupakuliwa. Baadaye nitaeleza kwa nini naona tafsiri hiyo inafaa.

Sikuanza kusoma habari hizi kwa kupenda uzio. Mwalimu wetu wa historia ya Ulaya alitutaka tuandike juu ya mgomo mmoja wa wafanyakazi, nami nikachagua mgomo wa Bethesda wa miaka 1900 hadi 1903. Kila nilipotazama picha za eneo hilo niliona mawe haya yaliyosimama nyuma ya nyumba, kando ya njia, kwenye miinuko. Nikajiuliza ni nani aliyeyaweka na kwa nini vitabu nilivyokuwa navyo vinazungumza juu ya matajiri, vyama na bei ya sleti lakini vinaupita uzio kana kwamba ulijiotea wenyewe. Kwetu karibu na Masaka mpaka wa shamba huwekwa kwa kupanda mulamula, na kulamula kwa Kiganda ni kuamua kesi. Basi mtoto wa kwetu hukua akijua kwamba alama ya mpaka si kitu cha kupita bila kuuliza. Nyuma yake kuna watu waliokubaliana, au walioshindwa kukubaliana.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki neno sleti linamkumbusha babu na kibao chake cha shuleni, kile cheusi kilichozungushiwa fremu ya mbao, kilichoandikwa kwa kalamu ya jiwe na kufutwa kwa mate mwalimu akigeuka. Ni jiwe lilelile. Sleti ni tope la chini ya bahari ya kale lililogandamizwa na kupashwa joto kwa mamilioni ya miaka hadi chembe zake zikalala upande mmoja. Tope lililozaa sleti za Bethesda, Llanberis na bonde la Nantlle lilitua miaka ipatayo milioni 500 iliyopita, na mawe yake huwa ya zambarau, buluu na kijani. Yale ya Blaenau Ffestiniog ni ya baadaye kidogo, na rangi yake ni buluu ya kijivu. Kwa sababu ya ule mlalo wa chembe, jiwe hili lina tabia ambayo mengine hayana. Fundi akiweka patasi pana mahali panapofaa na kuigonga kwa nyundo ya mti, jiwe hupasuka kuwa kurasa, kama kitabu kinavyofunguliwa. Kurasa hizo nyembamba zisizopitisha maji ndizo zilizokuwa vigae vya paa.

Matumizi hayo si ya jana. Warumi walitumia sleti katika ngome yao ya Segontium, palipo mji wa Caernarfon leo. Lakini biashara kubwa ilikuja na mapinduzi ya viwanda, pale miji ya Uingereza ilipoanza kujaza safu kwa safu za nyumba za wafanyakazi, na kila nyumba ikahitaji paa. Mwaka 1831 kodi iliyotozwa kwa sleti zilizosafirishwa kwa bahari iliondolewa. Mwaka 1842 mji wa Hamburg uliungua vibaya, na sleti za Ffestiniog zikapata soko kubwa Ujerumani. Kufikia 1898, mwaka ambao biashara hiyo ilifika kileleni, watu wapatao 17,000 waliajiriwa katika machimbo ya Wales na walitoa tani zipatazo 485,000 kwa mwaka mmoja.

Sasa nirudi kwenye ukoko. Tani hizo 485,000 ni zile zilizouzwa tu. Kila tani moja ya vigae vizuri iliacha nyuma tani kumi au zaidi za mawe yasiyofaa: yaliyopasuka vibaya kwa baruti, yenye mishipa ya madini mengine, manene mno, yaliyopinda. Kifusi hicho kilimwagwa pembeni mwa machimbo mpaka kikawa vilima, na juu ya mji wa Blaenau Ffestiniog vilima hivyo vimening'inia nyuma ya nyumba mpaka leo. Katika kifusi hicho kulikuwa na mabamba marefu yasiyofaa kuezekea paa la mtu wa Manchester lakini yanayoweza kusimama ardhini bila kuoza. Huko ndiko uzio ulikotoka. Mti ulikuwa adimu kwenye miinuko ile yenye upepo na mvua, na nguzo ya mti katika udongo wa majimaji haikai miaka mingi. Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, ambao ndio uzio wa kawaida wa milima ya Wales, unadhibiti kondoo vizuri, lakini unataka mawe mengi, nafasi pana na siku nyingi za kazi. Bamba la sleti linachukua upana wa vidole vichache tu. Kwa mtu mwenye kiwanja chembamba, hilo si jambo dogo.

Namna ya kujenga ni rahisi kueleza, na nadhani ni ngumu kufanya. Huchimbwa mtaro mwembamba kufuata mpaka. Mabamba huteremshwa ndani yake yakisimama, sehemu ya kutosha ya kila moja ikizikwa, kisha udongo na mawe madogo hushindiliwa kushoto na kulia. Baina ya bamba na bamba huachwa nafasi ndogo ambayo mwanakondoo hawezi kupenyeza kichwa, ila upepo unapita. Karibu na ncha za juu, waya mbili hupitishwa, mmoja mbele na mwingine nyuma, na kila zinapokutana katika nafasi hiyo husokotwa. Kila bamba linashikwa na jirani yake. Moja likilegea ardhini, mengine hulizuia lisianguke. Ndiyo maana uzio huu unaweza kuyumba na kuinama kwa miongo mingi bila kulala chini, mpaka siku waya utakapoliwa na kutu.

Hapa nataka nitoe hoja ambayo inanitofautisha kidogo na wale wanaouita uzio wa kale. Uzio huu una waya. Waya wa bei nafuu ni mtoto wa viwanda vya chuma vya karne ya 19. Una mabamba, ambayo ni mabaki ya machimbo makubwa, nayo yalikua makubwa mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19. Kwa hiyo kile kinachoitwa leo urithi wa mashambani kilizaliwa na kiwanda. Waliousimamisha walikuwa wafanyakazi wa mshahara ambao jioni, na Jumamosi mchana, waligeuka kuwa wakulima. Tumezoea kugawa watu wa Ulaya wa karne ile katika mafungu mawili, wa mjini na wa shambani. Mchimbaji wa sleti alikuwa yote mawili kwa siku moja, na uzio wake unasimama palepale mafungu hayo yanapokutana.

Ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Swali hili linatupeleka mbali na Wales.

Machimbo ya Penrhyn, juu ya Bethesda, yalikuwa mali ya ukoo wa Pennant. Richard Pennant aliyapata mashamba makubwa ya Penrhyn kwa njia ya ndoa na ununuzi, na mwaka 1782 alizifuta hati za wachimbaji wadogo waliokuwa wakichonga mlimani na kuanza kuendesha machimbo mwenyewe. Fedha za kujenga barabara, bandari ya Port Penrhyn na, mwaka 1801, reli ya kukokotwa na farasi kutoka mlimani hadi baharini hazikutoka kwenye mlima huo. Ukoo ule ulikuwa na mashamba ya miwa Jamaika, yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na Pennant aliyasimamia kwa barua akiwa Uingereza. Akiwa mbunge wa Liverpool alisema waziwazi bungeni kupinga kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1833, mrithi wake, George Hay Dawkins-Pennant, alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 14,683 kwa ajili ya watu 764. Waliolipwa ni waliomiliki. Wale 764 hawakulipwa kitu. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akikamilisha jumba kubwa la Penrhyn lenye umbo la ngome, ambalo bado lipo karibu na Bangor.

Nilipolifikia jambo hili niliweka kalamu chini kwa muda. Nilikuwa nimeanza kuwaonea huruma wachimbaji wa Bethesda kama watu walioonewa na kabaila mmoja, na kumbe kabaila huyo huyo alikuwa na watu wengine chini yake, upande mwingine wa bahari, ambao hata miili yao haikuwa yao. Si sawa kuyaweka mateso haya mawili kwenye mizani moja. Mchimbaji wa Wales aliweza kugoma, kuhama, kuimba kwa lugha yake na kumzika mtoto wake kwa jina alilompa. Lakini daftari la fedha lilikuwa moja. Sukari iliyokatwa Jamaika iligeuka kuwa reli na gati, na kwa gati hilo sleti zikaondoka kwenda duniani, na yaliyoachwa mlimani yakawa uzio. Mtu anayetaka kuandika juu ya uzio huu kama pambo tu la mashambani itambidi aruke ukurasa huo, na mimi sioni atauruka vipi kwa dhamiri safi.

Ardhi ya milimani, ambayo zamani wenyeji walichungia mifugo kwa pamoja, nayo ilikuwa ikipungua. Katika karne za 18 na 19 Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuzungushia malisho ya umma na kuyagawa, na waliopata fungu kubwa walikuwa wale waliokwisha kuwa nalo. Huko Llanddeiniolen sheria ya mwaka 1806 iliipa familia ya Assheton Smith, wenye machimbo ya Dinorwig, sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Kwa hiyo uzio si jambo la kondoo peke yake. Ni mstari unaosema hapa ni pa fulani, na pale palipokuwa petu sote si petu tena.

Hata hivyo wenye machimbo walihitaji watu wakae karibu, na walihitaji wakae wakiwa na shukrani. Mynydd Llandygai, kijiji kilicho juu ya Bethesda, ni mfano mzuri. Hapo mali ya Penrhyn iliwakodisha wachimbaji viwanja: nyumba ndogo katika safu, na nyuma ya kila nyumba kipande kirefu chembamba cha ardhi ya mlimani iliyojaa mawe na matope. Mpangaji aliisafisha, akaichimbia mifereji, akaiwekea samadi, akaizungushia sleti. Ukiitazama kutoka juu, bado unaviona vipande hivyo vikilala sambamba kama mistari ya daftari. Kazi ya kuigeuza nyika ile kuwa malisho ilifanywa na mpangaji baada ya saa zake za machimbo, ila thamani iliyoongezeka ilirudi kwa mwenye ardhi hati ya upangaji ilipokwisha. Sijui msomaji ataliita nini jambo hilo. Nyanya yangu angesema umefuga kuku wa mtu.

Shamba dogo kama hilo kwa Kiwelshi huitwa tyddyn. Lilitosha ng'ombe mmoja au wawili, nguruwe, kondoo wachache, viazi. Halikutosha kumlisha mtu mwaka mzima, na pengine ndivyo ilivyokusudiwa, maana aliyeshiba shambani haendi machimboni. Lakini ni nani aliyekamua ng'ombe huyo mwanamume akiwa mlimani tangu asubuhi? Historia ya sleti imejaa wanaume: walioning'inia kwa kamba kwenye uso wa mwamba, waliopasua, waliokata vigae, wavulana waliozunguka wakiomba mawe ya kujifunzia kazi. Vigae vyenyewe, kwa kejeli ya aina yake, vilipewa majina ya wanawake wa kifalme kulingana na ukubwa, kuanzia malkia hadi bibi wa kawaida. Wanawake halisi walikuwa ndani ya uzio. Walichunga, wakatengeneza siagi, wakalea, wakaokoa nyumba mwezi ambao mwamba ulikuwa mbaya na ujira ukawa mdogo. Uzio wa sleti ulikuwa ukuta wa mahali pao pa kazi, na hakuna karani aliyewaandika kwenye daftari la mshahara.

Kuhusu mwezi wa mwamba mbaya inabidi nieleze mfumo wa malipo, kwa sababu ndio uliowasha moto. Kundi la watu watatu au wanne lilipewa kipande cha uso wa mwamba, na kila mwezi lilipatana na msimamizi bei kulingana na ubora wa mwamba huo. Mapatano hayo yaliitwa bargen. Kwa wachimbaji yalikuwa na maana kuliko fedha, maana yaliwafanya wajione kama mafundi wanaopatana na mwenye mali na si vibarua wanaoamrishwa. Kwa upande mwingine yalimpa msimamizi nguvu kubwa: rafiki yake apewe mwamba laini, mbishi apewe mwamba wa kumkondesha. Chama cha wachimbaji wa Wales ya kaskazini kiliundwa mwaka 1874. Bwana wa Penrhyn wa mwisho wa karne, George Sholto Douglas-Pennant, hakutaka kukisikia. Alikuwa amekwisha kupambana na wafanyakazi wake katika mvutano mrefu wa 1896 na 1897. Mwaka 1900 ukusanyaji wa michango ya chama ulipigwa marufuku machimboni, na kazi zaidi zikapewa makandarasi badala ya mapatano ya zamani. Ugomvi ukazuka, watu 26 wakashtakiwa, wenzao wakaandamana kwenda Bangor kuwaunga mkono na wakasimamishwa kazi. Tarehe 22 Novemba 1900, watu wapatao 2,800 walishika zana zao wakashuka mlimani.

Walikaa nje miaka mitatu.

Juni 1901 machimbo yalifunguliwa tena na wachimbaji mia nne na zaidi wakarudi, kila mmoja akipewa sarafu ya dhahabu. Hapo ndipo kwenye madirisha ya Bethesda zilipoanza kuonekana karatasi zenye maneno ya Kiwelshi yenye maana kwamba ndani ya nyumba hii hamna msaliti. Nyumba ambayo karatasi iliondolewa dirishani ilijulikana na mtaa mzima. Ndugu waliacha kusalimiana, watu wakabadili makanisa, askari waliletwa kutuliza ghasia. Kwaya za wagomaji zilizunguka miji ya Uingereza zikiimba kukusanya fedha. Wengi walihamia kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Wales ya kusini, wengine wakaenda ng'ambo. Novemba 1903 mgomo ulikwisha bila ushindi, na si wote waliokubaliwa kurudi.

Nimejaribu kuufikiria uzio katika miaka hiyo mitatu. Kiwanja cha nyuma kilichokuwa nyongeza tu sasa kilikuwa chakula chenyewe. Na mara nyingi waliogoma na waliorudi waliishi ukuta kwa ukuta, viwanja vyao vikitenganishwa na mabamba ambayo pengine baba zao waliyachimbia pamoja. Uzio wa sleti una nafasi baina ya mawe. Unaweza kumwona jirani yako akilisha nguruwe wake, naye anakuona, na hakuna anayesema neno. Nasikia hadi leo wapo wakazi wa Bethesda ambao hawajawahi kukanyaga katika jumba la Penrhyn, ingawa tangu 1951 si la ukoo ule tena na mtu yeyote anaweza kulitembelea kwa kulipa kiingilio.

Kulikuwa na mpaka mwingine usioonekana, nao ni lugha. Mwenye mali na wasimamizi wake wakuu kwa kawaida walitumia Kiingereza na kwenda kanisa la Anglikana. Wachimbaji walisema Kiwelshi na kusali katika makanisa yao madogo. Katika kibanda cha kulia chakula machimboni, kilichoitwa caban, walifanya mijadala ya siasa na dini, mashindano ya mashairi na kuimba, kwa utaratibu wa mwenyekiti na kumbukumbu za kikao. Ni watu hawa waliochangia senti zao kuanzishwa kwa chuo kikuu cha Bangor mwaka 1884. Lakini serikali ilikwisha kutoa ripoti ya elimu ya mwaka 1847 iliyodai kwamba Kiwelshi kinawarudisha watu nyuma, hata kimaadili. Katika baadhi ya shule za karne hiyo mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivikwa shingoni kipande cha mti. Alikibeba mpaka amkamate mwenzake katika kosa lile lile, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Msomaji wa Uganda au Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaandika hayo juu ya shule za Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, na wazazi wetu wengi waliyaona. Mimi nilidhani kifaa kile kilibuniwa kwa ajili ya watoto weusi. Kumbe kilikwisha kufanyiwa mazoezi nyumbani.

Neno crawiau limevuka yote hayo. Kiingereza hulazimika kueleza kwa kuunganisha maneno mawili, jiwe na uzio, lakini Kiwelshi kina jina lake, kwa kuwa waliosimamisha mabamba yale walikuwa wakipeana maelekezo kwa lugha hiyo.

Baada ya 1903 biashara haikurudi ilivyokuwa. Vigae vya udongo na vya saruji vilikuwa rahisi, sleti za nchi nyingine zilishindana, vita mbili kuu zikachukua vijana. Vumbi nalo lilikuwa likiua polepole. Wachimbaji na hasa wapasuaji waliofanya kazi ndani ya vibanda waliugua mapafu, na kwa muda mrefu baadhi ya madaktari wa machimbo walisema vumbi la sleti halina madhara. Wengine walilaumu chai iliyochemshwa kupita kiasi. Fidia kwa waliougua ilikuja kwa sheria ya mwaka 1979, wakati machimbo mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa. Dinorwig ilifungwa 1969, na karakana zake zikawa jumba la makumbusho la sleti mwaka 1972.

Kuna jambo linalonichekesha katika sehemu ya mwisho ya historia hii. Mwaka 1951 ilipochorwa ramani ya hifadhi ya taifa ya Snowdonia, ambayo siku hizi inaitwa kwa jina lake la Kiwelshi, Eryri, mji wa Blaenau Ffestiniog uliachwa nje. Upo katikati ya hifadhi kama tundu katika shati. Sababu ni vile vilima vya kifusi. Waliona vinachafua mandhari. Miaka 70 baadaye, Julai 2021, UNESCO iliiingiza mandhari ya sleti ya kaskazini magharibi mwa Wales katika orodha ya urithi wa dunia, ikiwa na sehemu sita, na mojawapo ni Ffestiniog pamoja na kifusi chake. Sehemu nyingine inaanzia machimbo ya Penrhyn, inapitia Bethesda, inateremka hadi bandarini, na Mynydd Llandygai na viwanja vyake vyembamba vimo. Kifusi hakikubadilika. Macho ndiyo yaliyobadilika.

Je, orodha hiyo inausaidia uzio? Kwa kiasi. Jengo lina mwenyewe na mlinzi. Uzio ni mrefu, umetawanyika katika mashamba ya watu wengi, na unakufa kwa njia isiyo na kelele. Waya unaoza, bamba moja linaanguka, kondoo anapita, mkulima ana kazi nyingine kumi, anafunga kipande cha seng'enge au nguzo mbili za mbao katika pengo. Mwaka unaofuata pengo linakuwa mawili. Simlaumu. Anayetaka mkulima atunze kumbukumbu ya taifa kwa jasho lake anapaswa kumchangia. Wakati huohuo uzio huu umepata wapenzi wapya: wabunifu wa bustani huyapanga mabamba ya sleti mbele ya nyumba za kisasa, yamekatwa kwa mashine, yote urefu mmoja, hakuna lililoinama. Ni mazuri kuyatazama. Ila hayazuii chochote na hayajatoka katika kifusi, mtu ameyanunua.

Machimbo ya Penrhyn bado yanafanya kazi, chini ya kampuni na si chini ya bwana. Vigae vyake bado vinapasuliwa kwa patasi, kwa sababu mashine haijamshinda fundi katika kuusoma mlalo wa jiwe. Na katika vijiji vinavyoyazunguka, mtu anayetaka kurekebisha uzio wa babu yake hahitaji vitu vingi: mtaro mwembamba, waya mpya, koleo la kusokotea, mtu wa pili wa kushika bamba lisimame wima wakati udongo unashindiliwa. Mabamba yale ya zamani, yaliyoanguka kwenye nyasi, kwa kawaida yanarudi mahali pake.